Kitanda Kimoja, Operesheni Nne

(Mada iliyotolewa kwa vijana, Ngoingwa, Thika)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, na hasa wewe dada yangu, najua kuna watakaoshangaa: eti jarida la Ramadhani linazungumzia kunyonya mafuta na kukaza tumbo? Naam, linazungumzia, kwa sababu mambo haya hayako Marekani tu. Kutoka hapa Ngoingwa ukipanda matatu, barabara ikiwa haina msongamano, baada ya kama saa moja uko Nairobi, na kliniki za urembo ziko huko. Matangazo nayo hayangoji hata upande gari, yanakufuata kwa simu. Punguza tumbo, inua kifua, jaza makalio, nyoosha pua. Yote siku moja, na ukilipia yote pamoja unapunguziwa bei.

Hapo kwenye "yote siku moja" ndipo nataka tusimame leo.

Kwanza tuweke msingi. Dini yetu haikukataza tiba. Wengi wetu tulisoma madrasa habari za sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyekatwa pua vitani. Akaweka pua ya fedha, ikamtolea harufu, na Mtume (S.A.W.) akamwambia aweke ya dhahabu. Kwa hivyo aliyeungua moto, aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, au mama ambaye misuli ya tumbo imeachana baada ya uzazi, hao wana mlango wao. Kubadilisha umbo kwa kutaka urembo tu ni jambo jingine, na wanazuoni wamelionya. Ukiwa na shaka uko upande gani, muulize sheikh wako kabla ya kumuuliza daktari bei.

Lakini hata yule mwenye mlango bado ana swali la pili: afanye mangapi kwa mara moja?

Tuwe wakweli, kuunganisha operesheni si kosa lenyewe kwa lenyewe. Mama akijifungua kwa upasuaji, na ameamua kufunga kizazi, daktari anaweza kufanya yote mawili hapo hapo. Tumbo tayari liko wazi, na kazi inaongezeka kwa dakika chache tu. Aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani anaweza kutengenezewa jingine siku hiyo hiyo. Faida iko wazi: analazwa usingizi mara moja, anauguza mara moja, anaomba ruhusa kazini mara moja.

Sasa angalia tofauti. Kunyonya mafuta mgongoni, kukata ngozi ya tumbo, kuinua kifua na kuhamisha mafuta kwenda nyuma si jeraha moja. Ni majeraha manne katika mwili mmoja, na saa za kila moja zinajumlishwa. Unalipa nusu bei, lakini mwili haupewi punguzo.

Mwili unalipa vipi?

Mosi, damu. Kila jeraha linatoa damu yake. Kiasi ambacho mwili ungekivumilia kwa operesheni moja kinaweza kuwa kingi mno zikiwa tatu.

Pili, joto. Mtu aliyelala kwa nusukaputi, sehemu kubwa ya mwili ikiwa wazi, hupoa. Mwili uliopoa hutoka damu zaidi, na kidonda chake hupata maambukizi kwa urahisi zaidi.

Tatu, kulala bila kutikisika. Damu ya miguuni hutulia, inaweza kuganda, na donge hilo likisafiri hadi mapafuni linaua. Hatari hii hupanda kadiri saa mezani zinavyoongezeka. Baada ya hapo, mtu mwenye vidonda mbele na nyuma anashindwa hata kuinuka atembee, na kutembea ndiko kunakozuia donge. Na aliyefuata bei rahisi nje ya nchi, halafu akakaa ndani ya ndege saa sita au saba akirudi na vidonda vibichi, anaiongezea hatari hiyo.

Nne, mafuta yenyewe. Kuyanyonya tumboni na kuyadunga makalioni ni operesheni mbili hata kama tangazo linaiita moja. Yakiingia kwenye mshipa mkubwa yanakwenda moja kwa moja kwenye moyo na mapafu. Uchunguzi wa madaktari wenyewe wa upasuaji huo, uliochapishwa mwaka 2017, ulikadiria kifo kimoja katika kila wagonjwa 3,000 hivi. Wakaonyana wasidunge ndani ya msuli, na makadirio ya baadaye yakashuka.

Usidhani ni maneno ya kutishana tu. Katika jimbo la Florida, Marekani, kanuni za upasuaji unaofanyika katika ofisi za madaktari ziliweka mipaka: kunyonya mafuta peke yake, mwisho lita 4. Kukichanganywa na kukaza tumbo, mwisho lita 1. Na muda wote uliopangwa wa operesheni zote usizidi saa 8. Umeona? Kutoka lita 4 hadi lita 1, kwa sababu ya kuunganisha tu.

Na iko mifano ya watu. Dkt. Donda West, msomi aliyefundisha chuo kikuu Chicago, mama yake mwanamuziki Kanye West, alifanyiwa kunyonya mafuta, kukaza tumbo na kupunguza kifua kwa pamoja mwezi Novemba 2007. Akarudishwa nyumbani. Siku iliyofuata akafariki, akiwa na miaka 58. Uchunguzi ulitaja ugonjwa wa mishipa ya moyo pamoja na mambo yaliyofuata upasuaji. Kabla ya hapo daktari mwingine alikuwa amekataa kumpasua mpaka moyo wake upimwe kwanza. Ndiyo maana California ikapitisha sheria mwaka 2009 kwamba mtu apimwe na kuandikiwa idhini ya kiafya kabla ya upasuaji wa urembo. Hakuwa mjinga, wala hakukosa pesa. Alikosa mtu wa kumwambia "ngoja" akamsikiliza.

Hata karibu na sisi. Mwaka 2005 Stella Obasanjo, mke wa rais wa Nigeria wakati huo, alifariki Hispania baada ya kunyonywa mafuta, na daktari wake akahukumiwa kwa uzembe. Mwaka 2024, Nairobi hapa hapa, mwanamke alifariki siku chache baada ya upasuaji wa urembo, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) likaisimamisha kliniki. Hawa wawili siwaleti kama mfano wa operesheni nyingi. Nawaleta tuone kwamba hata moja tu ni operesheni kamili. Sasa zidisha.

Basi dada yangu, ukiwa na haja ya kweli, au mamako, au shangazi, ingia na maswali haya:

1. Jumla ni saa ngapi mezani, zote zikihesabiwa?
2. Nani atanilaza usingizi, na amesomea kazi hiyo?
3. Moyo, damu na sukari yangu vimepimwa lini?
4. Usiku wa kwanza nalala wapi, na mambo yakiharibika chumba cha wagonjwa mahututi kiko wapi?
5. Jina la daktari na la kliniki yako kwenye orodha ya KMPDC mwaka huu?
6. Katika haya manne, lipi ni la haja, na lipi limeingizwa kwa sababu ya punguzo?

Swali la sita ndilo kubwa. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Aliyeruhusiwa jambo moja kwa haja hakuruhusiwa matatu kwa sababu yameshuka bei. La haja lifanywe. Likibaki jingine lenye haja, lingoje miezi kadhaa mwili upone, hata kama utalipa mara mbili. Daktari anayekwambia "hili tuliache kwa sasa" anapoteza pesa kwa ajili yako. Huyo mshike.

Na wewe ndugu mwanamume, usicheke pembeni. Nani huyo anayemwambia mkewa "umekuwa mnene" kila siku, halafu anashangaa akisikia amechukua mkopo wa kwenda kliniki? Chunga ulimi wako. Mwili aliouharibu, kama ni kuharibika, aliuharibu akikubebea watoto.

Mwezi huu tunajizuia hata na maji ya halali mpaka jua lizame, na tunaweza. Basi kungoja tunakujua. Mwili ni amana, na amana hairudishwi kwa mwenyewe ikiwa vipande kwa sababu kulikuwa na ofa.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe subira. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.