Kuuliza Mara ya Pili: Kura ya Maoni Inaporudiwa



Nianzie kijijini. Nilikuwa darasa la sita alipokuja mtu akitaka bonde la chini, pale watu walipokuwa wakilima bustani wakati wa kiangazi. Mkutano mkuu wa kijiji ukaitishwa chini ya mwembe wa ofisi. Mwenyekiti akauliza, mikono ikanyooshwa, wengi wakakataa. Mwezi uliofuata ukaitishwa tena, ajenda ileile, na wakakataa tena. Mara ya tatu mbiu ilipigwa usiku na mkutano ukafanyika asubuhi yake, msimu wa kuamia ndege, wakati nusu ya kijiji imehamia kwenye mashamba ya mpunga na inalala madunguni. Wachache waliokuwepo wakanyoosha mikono, bonde likaenda. Baba aliporudi siku ya tatu na kombeo lake begani, aliambiwa habari hiyo akiwa bado hajaketi. Hakusema neno. Alikaa barazani akikunja na kukunjua kamba ya lile kombeo mpaka giza likaingia. Nilipokuwa mtu mzima niliomba kuona daftari la mihtasari. Mkutano wa tatu ulikuwa umeandikwa vizuri, na orodha ya mahudhurio na sahihi. Ile miwili ya kwanza haikuwemo.

Swali la jioni hii nimelibeba tangu wakati huo: wananchi wakishajibu, ni haki kuwauliza tena? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa hapana, bila masharti. Leo sina tena uhakika ule, na ningependa kuwaeleza kilichonibadilisha.

Kiswahili chenyewe kimelipa jambo hili jina la kura ya maoni. Maoni hubadilika, na hakuna anayemlaumu mtu kwa kuwa na maoni tofauti na ya miaka 10 iliyopita. Lakini matokeo yakishatangazwa tunayaita uamuzi wa wananchi, tunayashika kama hukumu ya mahakama ya rufani. Mbunge tunamrudisha mbele ya wapiga kura kila miaka mitano, na hakuna anayesema uchaguzi mpya unautukana ule uliopita. Kura ya maoni haina kalenda ya namna hiyo. Kwa hiyo anayeirudisha ana deni la kueleza: kwa nini yeye, na kwa nini sasa.

Kilichonitikisa kwanza ni Uswisi. Tarehe 1 Februari 1959, wanaume wa nchi ile waliulizwa kama wanawake wapewe haki ya kupiga kura katika mambo ya taifa. Theluthi mbili wakakataa. Wanawake waliokuwa wakijadiliwa hawakuwa na kura. Februari 1971 wanaume waliulizwa tena, na safari hii karibu theluthi mbili wakakubali. Nani leo angesimama katika ukumbi huu kutetea kwamba jibu la 1959 lilipaswa kuachwa lilivyo milele? Ningesimama na msimamo wangu wa zamani, ningekuwa nimewafungia nje bibi na mama wa Waswisi wa leo.

Lakini mfano huo ni mwepesi, kwa sababu haki iko wazi. Mgumu ni Ireland, na hapo nitakaa kidogo.

Katiba ya Ireland ya mwaka 1937 haibadilishwi ila kwa kura ya wananchi wote. Mwaka 1987 mwanauchumi wa kilimo, Raymond Crotty, alishinda kesi katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na tangu hapo serikali zimekuwa zikipeleka mikataba mikubwa ya Ulaya kwa wananchi. Juni 2001 wakaulizwa kuhusu Mkataba wa Nice: asilimia 54 hivi wakasema Hapana, ingawa waliojitokeza hawakufika asilimia 35 ya waliojiandikisha. Oktoba 2002 wakaulizwa tena. Waliojitokeza walikaribia nusu, na Ndiyo ikapata asilimia 63 hivi. Juni 2008 ukaja Mkataba wa Lisbon: Hapana, asilimia 53. Oktoba 2009 ukarudishwa: Ndiyo, asilimia 67. Waliokasirika walisema wataendelea kuulizwa mpaka watoe jibu linalotakiwa Brussels. Nawaelewa. Mimi ni mtoto wa lile bonde.

Hata hivyo, tuangalie kilichofanyika kati ya Juni 2008 na Oktoba 2009. Serikali ilifanya utafiti kuwauliza watu kwa nini walikataa. Wengi walisema hawakuuelewa mkataba, na wapinzani walikuwa wamewapa ushauri unaoshikika: kama hujui, piga Hapana. Wengine walikuwa na hofu zinazotajika. Waliogopa nchi yao kupoteza kamishna wake katika Umoja wa Ulaya, kuingizwa katika vita vya wakubwa ilhali imejiweka kando na mapatano ya kijeshi, kupangiwa kodi na wengine, na kulazimishwa kubadili sheria ya utoaji mimba. Hofu hizo zilibebwa hadi kwenye mkutano wa wakuu wa nchi zote 27. Zilirudi na dhamana za kisheria, na pia ahadi kwamba kila nchi itabaki na kamishna wake, ingawa mkataba uliruhusu idadi ipunguzwe. Wakosoaji husema kweli kwamba katika mkataba wenyewe haikuguswa hata nukta. Lakini hadi leo kila nchi mwanachama ina kamishna wake, na chanzo ni ile Hapana ya 2008. Jibu la kwanza lilifanya kazi kabla ya swali la pili kuulizwa. Kisha waliojitokeza mara ya pili walikuwa wengi zaidi, asilimia 59 badala ya 53. Kijijini kwetu ilikuwa kinyume: swali halikubadilika, waliobadilika ni wahudhuriaji.

Kwa hiyo nasema kura ya Lisbon ilirudiwa kwa haki. Nasema hivyo moyo ukinisuta kidogo, maana Ndiyo ya 2009 haijawahi kurudishwa mezani. Hapana inarudiwa, Ndiyo inakuwa ya kudumu. Mlango wa namna hii unafunguka upande mmoja tu, na ufunguo anao aliyeshindwa mara ya kwanza akiwa serikalini. Utafiti na dhamana haziwezi kulifuta doa hilo. Lingefutika kama sheria ingewapa wananchi nao, kwa idadi fulani ya sahihi, uwezo wa kuitisha kura hiyohiyo.

Watu huniuliza kuhusu Uingereza. Mwaka 2016 asilimia 52 hivi walichagua kutoka Umoja wa Ulaya, bila karatasi ya kura kusema watatoka kwa namna gani. Waliodai kura ya pili wangekuwa na hoja kama wangetaka tu wananchi wapime makubaliano yaliyofikiwa. Wengi wao walitaka jibu la kwanza lifutwe kabla halijatekelezwa, na hapo hoja iliwaponyoka.

Tuje karibu. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipigia kura rasimu ya katiba, ndizi ikiwa alama ya Ndiyo na chungwa alama ya Hapana. Chungwa likashinda kwa asilimia 58. Siku mbili baadaye Rais Kibaki akavunja baraza la mawaziri. Lakini ile rasimu hakuirudisha, na kwa hilo anastahili heshima. Mchakato ulifufuka baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua zaidi ya watu 1,100. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2008, Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga ikaandika upya, na tarehe 4 Agosti 2010 rangi ya kijani ya Ndiyo ilishinda nyekundu ya Hapana kwa asilimia 67 hivi.

Wenzangu wa sheria hunikatiza hapa: huko si kurudia, rasimu zilikuwa mbili tofauti. Ndivyo, na ndiyo maana nautaja mfano huu. Rasimu ya 2005 ilikataliwa zaidi ya yote kwa sababu ilimwachia rais madaraka makubwa. Ya 2010 iliyabana na kugawa mamlaka kwa kaunti 47. Waliosema Hapana mwaka 2005 waliikuta Hapana yao imeandikwa ndani ya karatasi ya pili. Sitaki tu mtu aondoke hapa akidhani taifa linahitaji kuzika watu ndipo lisikie jibu ambalo lilishapewa miaka miwili kabla.

Ng'ambo ya bahari yetu kuna mfano mchungu. Desemba 1974 visiwa vinne vya Komoro viliulizwa kama vinataka uhuru kutoka Ufaransa. Karibu asilimia 95 ya kura zote zilikubali. Mayotte peke yake, asilimia 64 hivi walikataa. Baada ya hesabu kujulikana, Bunge la Ufaransa likaamua visiwa vihesabiwe kimoja kimoja. Februari 1976 Mayotte ikapigishwa kura peke yake na kuchagua kubaki, kwa zaidi ya asilimia 99. Sisemi watu wa Mayotte walidanganywa. Walichokitaka kilijulikana tangu kura ya kwanza. Kosa ni kubadili nani anahesabiwa na nani baada ya kura kuhesabiwa. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani kura hiyo. Tangu Ufaransa ilipoweka viza mwaka 1995, watu wa Nzwani, kimojawapo cha visiwa hivyo vinne, huvuka kwenda Mayotte usiku kwa vile viboti viitwavyo kwasa-kwasa, na wengi wamezama katika maji ambayo babu zao waliyavuka kwenda harusini.

Nayasema haya kwa sababu kwetu Tanzania lipo swali linalosubiri. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalumu mwaka 2014. Kura yake ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa. Ili ipite inahitaji zaidi ya nusu ya kura Tanzania Bara, na zaidi ya nusu Zanzibar. Itakapoitishwa, iwe hiyo au rasimu nyingine, upande mmoja ukikubali na mwingine ukikataa, nani ataitisha tena? Baada ya muda gani? Pande zote mbili zitaulizwa, au ule uliokataa tu? Na waliokataa wataonyeshwa nini kilichobadilika kwenye karatasi?

Wanafunzi wa sheria mlioketi safu za nyuma, nawaomba mwanze kuandika vifungu hivyo sasa, wakati hakuna kati yetu anayejua atakuwa upande ulioshinda au ulioshindwa. Na mkifika kwenye kifungu cha kumbukumbu, andikeni kwamba mikutano yote mitatu iwemo kwenye daftari.