KATANI NDANI YA SARUJI
Hotuba ya Katibu katika Mkutano wa Sherehe za Miaka Kumi ya Chama, Kilolo



Mengi ya kushukuru katika miaka hii kumi yamekwisha kusemwa na waliotutangulia. Sisi wa ofisini tumepewa dakika chache, nasi twapenda kuzitumia kwa jambo moja, nalo ni paa la ghala jipya. Wako wanachama wanaotaka bati. Wako wanaotaka tujifanyie vigae vyetu wenyewe, vya saruji iliyotiwa nyuzi za katani. Fedha ni zenu, na kabla ya kupiga kura yafaa mjue kitu hicho hufanywaje na huharibikaje.

Asili ya jambo hili si ngeni kwetu. Mwenye kukandika nyumba huuchanganya udongo na majani makavu, kwa sababu udongo hustahimili kubanwa lakini haustahimili kuvutwa. Ukikauka wenyewe hupasuka. Jani huzishika pande mbili za ufa zisiachane. Saruji nayo ina tabia hiyo hiyo. Hata mashua za faibaglasi zinazoonekana pwani zimefuata kanuni hiyo, ila huko nyuzi ni za kioo, na kinachozishika ni gundi ya viwandani.

Katani ni mali ya nchi yetu tangu Dk. Hindorf alipouleta mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai Tanga miche 62 tu. Mwaka 1964 nchi ilitoa katani tani zipatazo 230,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na katika miaka ya 1970 na 1980 watu wakaitafutia katani kazi nyingine. Kuezeka nyumba ilikuwa mojawapo.

Hapa twaomba msikilize vizuri. Mabamba mapana ya saruji na katani yaliyofanywa siku zile, mengi yalipasuka baada ya miaka michache. Mtaalamu wa Sweden, Hans-Erik Gram, alieleza sababu mwaka 1983. Maji yaliyomo katika vitundu vya saruji yana ukali kama wa magadi. Ukali huo huila ile gundi ya asili inayoviunganisha vijinyuzi vya katani, na uzi uliokuwa mgumu kukatika huvunjika kama kijiti kikavu. Paa likinyeshewa na kukauka, likinyeshewa na kukauka, kazi hiyo ya kula huendelea. Basi mtu akiwaambia kwamba katani itawabebea paa miaka thelathini, msimsadiki.

Mtauliza, katani ni ya nini basi? Kazi yake ni ya siku za kwanza. Hukizuia kigae kibichi kisichanike kinapolazwa juu ya kalibu, wala kisipasuke kinapoanza kukauka. Baada ya hapo nguvu yatoka katika saruji yenyewe, ikiwa imekandwa kwa maji kidogo, ikatikiswa sawasawa, ikaloweshwa vya kutosha. Ndiyo sababu vigae vidogo vimedumu mahali ambapo mabamba mapana yalishindwa, na mafundi wengine wameziacha nyuzi kabisa.

Kipimo ni hiki: saruji mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga kilo 150, katani kilo 2 iliyokatwa vipande vya sentimita 1 hadi 2. Mchanga uwe safi. Wenye udongo haufai hata ukiletwa bure na mjumbe wa Kamati. Kigae hutandazwa juu ya meza ya kutikisa, unene wa milimita 8 hivi, kikalala juu ya kalibu siku nzima chini ya nailoni. Kisha hutiwa majini juma moja au zaidi, na hakipandi juu ya paa kabla ya siku 28. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa haraka ya kuuza.

Ukali wa saruji waweza kupunguzwa kwa kutia majivu mahali pa sehemu ya saruji. Yako majivu ya volkano ya Mbeya. Yako pia majivu ya maganda ya mpunga, na mpunga wa Usangu si mbali, ila maganda yachomwe kwa moto wa wastani. Hili ndilo tungelijaribu kwanza.

Asbesto isitajwe. Nayo ni nyuzi ndani ya saruji, tena imara sana, lakini Shirika la Afya Duniani limetamka kwamba aina zake zote huleta saratani. Mwenye paa la zamani la namna hiyo asilikate kwa msumeno.

Jueni pia kwamba vigae ni vizito mara kadhaa kuliko bati, hivyo kenchi zitataka mbao nene zaidi. Misindano tunayo, gharama yake ihesabiwe hata hivyo.

Kamati yaomba ruhusa ya kufanya vigae 200, nusu vyenye katani na nusu bila katani, viezekwe juu ya kibanda cha mizani kabla ya Novemba, vipigwe na mvua zote hadi Aprili. Katika mkutano wa Mei vilivyopasuka vitawekwa mezani pamoja na vizima, na hesabu ya bati kando yake, ndipo mpige kura.