Kiti cha Musa na Kiapo cha Meya



Injili ya leo, Mathayo sura ya 23, yaanza na jambo ambalo twaelekea kulipita haraka. Bwana wetu hakuwafundisha watu kukidharau kiti cha Musa. Aliwaagiza wayashike mafundisho yatokayo kitini hapo, ila wasiyaige matendo ya wale waliokikalia. Cheo chabaki cheo. Anayehukumiwa ni yule aliyekitumia kujifunika.

Tutazame mji wa Detroit, nchini Marekani. Meya wake, Kwame Kilpatrick, alishitakiwa na maafisa wa polisi waliodai kwamba walionewa kazini kwa kuufichua mwenendo wa walinzi wake. Mwaka 2007 aliapa mahakamani kusema kweli, kisha akakana kuwa na uhusiano usio halali na mkuu wa ofisi yake. Maafisa wakashinda kesi, na mji ule, wenye maskini wengi, ukakubali kuwalipa dola milioni 8.4. Nyuma ya malipo hayo kulikuwa na mapatano ya siri: yafichwe maandishi ambayo meya na mwanamke yule walitumiana, yaliyoonyesha kwamba kiapo kilikuwa cha uongo.

Januari 2008 gazeti la Detroit Free Press likayatoa hadharani. Mwezi haukuisha, meya akaomba radhi katika televisheni, akiwa kanisani kwake, mkewe kando yake. Tusiwe wepesi kuibeza toba ya mwenzetu. Lakini Machi, katika hotuba yake ya mwaka kwa wananchi, alivishambulia vyombo vya habari kana kwamba ni kundi la watu lililokuja kumuua. Aliyewaumiza wengine akajitokeza kama ndiye aliyeumizwa.

Waandishi wa habari nao wana dhambi zao; twawajua wanaouza aibu za ndoa za watu kama njugu sokoni. Hapa, hata hivyo, swali halikuwa chumba cha kulala. Lilikuwa kiapo, na fedha za wananchi. Uzinzi angeweza kuuungama kwa Mungu na kwa mkewe. Mkono ulioinuliwa mahakamani ulikuwa deni kwa mji mzima, na kwa watu waliodhulumiwa kwa sababu walisema kweli.

Nabii Natani alipomwendea Daudi, mfalme hakuuliza habari zile zimevuja kwa nani. Alikiri palepale. Meya alikiri mahakamani Septemba 2008, njia nyingine zote zilipokwisha kufungwa, akajiuzulu, akafungwa. (Miaka 5 baadaye alihukumiwa tena, kwa rushwa, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Nasi tunavyo viti vyetu: padre, katekista, mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo. Ikija barua isiyo na jina kuhusu hesabu za sadaka, je, tutaanza kwa kumtafuta aliyeiandika, au kwa kulifungua daftari?