Maji ya Ng'ombe wa Bandani: Yapimwe na Yalindwe
(Mazungumzo na watumiaji wa huduma za maji, Moshi)



Leo tutamzungumzia mtumiaji ambaye hana akaunti ya maji wala hawezi kuleta malalamiko ofisini. Naye ni ng'ombe wa maziwa afugwaye bandani.

Katika miteremko ya Kilimanjaro, toka Machame na Kibosho hadi Uru na Marangu, vihamba ni vidogo na ng'ombe wengi hawapelekwi malishoni. Majani huletewa, na maji huletewa. Aliye malishoni huweza kujitafutia kijito. Wa bandani hunywa kile tu anachopewa. Maziwa yenyewe, takriban asilimia 87, ni maji. Ng'ombe anayekamuliwa aghalabu huhitaji lita 60 hadi 100 kwa siku, kwa kadiri ya maziwa yake, joto na lishe. Akipunguziwa maji, hupunguza kula, na maziwa hupungua upesi. Kabla ya kumlaumu muuza pumba, tazameni kwanza birika la kunyweshea.

Mahitaji hayo hubadilika kwa majira. Wakati wa masika ng'ombe hula majani mabichi na vigogo vya migomba, ambavyo vimejaa maji. Wakati wa kiangazi hula mabua makavu ya mahindi yanayopandishwa kutoka tambarare, na kiu huzidi. Hivyo ankara ya Februari ikiizidi ya Mei, si lazima dira ya maji iwe mbovu. Wala si lazima iwe sahihi. Ukweli hujulikana kwa kupima.

Kwanza, jueni matumizi ya mifugo. Kwa siku 3, jazeni birika kwa ndoo ya lita 20 na kuandika idadi ya ndoo. Uniti 1 ya maji ni lita 1,000. Ng'ombe 2 wanaokunywa lita 80 kila mmoja hutumia lita 160 kwa siku, yaani uniti 4.8 kwa siku 30.

Pili, tafuteni mvujo. Usiku, jazeni birika, kisha fungeni mabomba yote pamoja na koki ya birika. Someni dira na kuandika tarakimu zake. Someni tena alfajiri kabla ya yeyote kufungua maji. Zikiwa zimesogea, maji yanapotea baada ya dira, na gharama yake ni yenu. Mvujo unaojaza ndoo ya lita 20 kwa saa moja hupoteza uniti 14.4 kwa siku 30, mara tatu ya maji ya ng'ombe wale wawili.

Tatu, na hili tunalisisitiza kuliko yote: msiache mpira wa maji umezama ndani ya birika. Msukumo wa maji unaposhuka, bomba huweza kuyavuta maji ya birika, pamoja na mate na kinyesi, na kuyarudisha katika mtandao. Jirani akifungua bomba lake, huenda akamnywesha mtoto maji hayo. Mdomo wa mpira au bomba ubaki juu ya ukingo wa birika, pasipo kugusa maji. Kadhalika, maji ya mfongo yasiunganishwe kamwe na bomba la maji safi, hata kwa koki iliyofungwa.

Ikiwa mmepima, hakuna mvujo, na ankara bado haiafikiani na matumizi, mnayo haki ya kuuliza na kuomba dira ikaguliwe. Wateja wa Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Moshi waanze katika ofisi zake, kwa maandishi, wakiambatisha kumbukumbu zao. Wasiporidhika, wawasilishe lalamiko EWURA. Wanaohudumiwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii waanze kwa chombo chao, kisha ofisi ya RUWASA ya wilaya. Daftari lenye tarehe na tarakimu ni shahidi bora kuliko hasira.

Tunaomba kila kaya yenye ng'ombe ianze leo kwa mambo mawili: kuusoma mwendo wa dira usiku, na kuutoa mpira ndani ya birika. La kwanza litaokoa fedha zenu. La pili litalinda afya ya watu msiowajua.