Mkunga Mkimbizi Jirani Yako

Kama uko jikoni punguza moto kidogo, kama unanyonyesha kaa vizuri uegemee, tuzungumze.

Leo nataka tuzungumze juu ya jirani. Si jirani yeyote tu. Namzungumzia yule mama aliyehamia katika ploti yenu kutoka Kongo, Burundi, Sudan Kusini, Ethiopia au Somalia, ambaye siku moja mkianua nguo alikwambia kwamba kwao alikuwa mkunga. Au muuguzi. Au hata daktari. Pengine ulimtazama mara mbili, kwa sababu wewe unamjua kama mama anayetembeza vitenge au anayekaanga mandazi pale kwenye kona.

Ni kweli, watu hao wapo, na ni wengi kuliko tunavyodhani. Vita vilipofika Goma mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, waliokimbia hawakuwa wakulima peke yao. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 viliwatoa Khartoum madaktari, wahadhiri na mafundi wa maabara. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka wa 1991 ilikuwa hivyo hivyo, na ndio mwaka kambi za Dadaab zilipoanza. Kakuma ikafuata mwaka wa 1992. Wazee wetu nao watakumbuka miaka ya 1970, walimu na wasomi wengine wa Uganda walipomkimbia Idi Amin na kuja hapa Kenya. Kuna wazee wengi leo waliofundishwa hesabu na Kiingereza na mwalimu Mganda.

Kabla sijaendelea, kuna neno moja linaloleta matata. Mama wa Kongo akisema, "Mimi nilikuwa munganga," usikimbie! Kwao munganga ni daktari au mtu wa hospitali. Sisi huku tukisikia mganga tunafikiria vibuyu na manyoya ya kuku. Mama wa watu anaweza kukaa mtaani mwaka mzima majirani wakimwogopa bure, kumbe alisomea uuguzi na kuhitimu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ni saa nane usiku. Uchungu umekushika. Kituo cha afya kiko mbali, bodaboda unaogopa, na mara ya mwisho ulipokwenda hospitali ulikemewa. Lakini mlango wa tatu kutoka kwako kuna mtu aliyezalisha wanawake wengi kwao, ana mikono mipole, na hatakukemea. Utafanya nini? Wengi wetu tutabisha mlango ule. Namwelewa mama anayebisha, na yule anayefungua simlaumu.

Bisha. Lakini usimwombe akuzalishe chumbani. Mwombe akusindikize hospitali. Hayo ni maombi mawili tofauti kabisa, na nataka nieleze kwa nini.

Mkunga hazalishi kwa mikono peke yake. Chukua mfano wa kutokwa na damu baada ya kujifungua, ambako ni moja ya mambo yanayoua akina mama wengi. Mama akipoteza damu kiasi cha nusu lita, yaani kama kile kipakiti cha maziwa cha dukani, tayari hiyo ni hatari, na damu hiyo inaweza kutoka kwa dakika chache tu. Hospitalini kuna sindano ya oksitosini ya kufanya tumbo la uzazi likaze. Dawa hiyo huwekwa kwenye friji, joto likiipata inapoteza nguvu. Kuna maji ya kuongezwa kwenye mshipa. Kuna damu ya kuongezwa, au gari la kukupeleka inakopatikana. Jirani yako anayajua haya yote vizuri sana. Chumbani kwako atakuwa na taa ya simu na leso. Atajua unachohitaji, na hatakuwa nacho. Usimweke mwanamke mwenzako mahali hapo.

Kisha kuna sheria. Hapa Kenya mtu haruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi au ukunga bila kusajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya na kuwa na leseni. Haijalishi alisoma wapi au amefanya kazi miaka mingapi. Mimi mwenyewe lazima niwe nayo. Wewe au mtoto mkidhurika mikononi mwake, atashtakiwa, na hapo safari yake ya kurudi kwenye kazi yake imeharibika, pengine kabisa. Utakuwa umemponza kwa wema wake.

Sasa akikusindikiza anafanya nini? Anafanya mengi. Anaangalia kama ni wakati wa kuondoka sasa hivi au mna nafasi ya kutafuta gari. Anakukumbusha kubeba kile kijitabu cha mama na mtoto. Njiani anakushika mgongo. Mkifika, anaweza kumwambia sista wa zamu uchungu ulianza saa ngapi, maji yalitoka saa ngapi na yalikuwa rangi gani. Habari kama hizo zinatusaidia sana sisi tulio zamu. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Imesema mtu, haikusema mwananchi. Kwa hiyo hata siku mgonjwa akiwa ni yeye mkimbizi, haki ni ile ile.

Lakini kuna usiku ambao mtoto hangoji. Kichwa kimeshaonekana na gari halijafika. Hapo yeyote aliye karibu asaidie, na ukiwa na bahati aliye karibu ni mkunga. Mikono ioshwe kwa sabuni. Mtoto akitoka akaushwe haraka kwa kitambaa safi, alazwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na wote wawili wafunikwe. Awekwe kwenye titi. Msikate kitovu kwa wembe wa kuokota wala kisu cha jikoni. Kiacheni hivyo hivyo mpaka mfike. Msivute kondo la nyuma. Msipake kitovu majivu, samadi wala dawa ya meno. Kisha nendeni hospitali, hata kama mama anasema anajisikia vizuri na mtoto analia kwa nguvu.

Nawe dada uliye mkimbizi unayenisikiliza, nina maneno na wewe. Mama mwenye ploti, wewe pia sikiliza, kwa sababu utaulizwa.

Zamani mlango ulikuwa mwembamba mno. Siku hizi umefunguka kiasi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka wa 2022, inasema mkimbizi ana haki ya kuajiriwa, kufanya biashara, au kufanya kazi aliyoisomea ikiwa masomo yake yanatambuliwa na mamlaka zinazohusika hapa Kenya. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye mzigo wote. Kutambuliwa.

Kwanza uwe umeandikishwa na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na una karatasi zako. Kuna kibali cha kazi cha wakimbizi, kinachoitwa daraja la M, kinachotolewa na idara ya uhamiaji. Kuna mamlaka inayoitwa KNQA inayolinganisha vyeti vya nje na vya hapa. Kwa wauguzi na wakunga, mwenye kauli ya mwisho ni Baraza la Wauguzi. Madaktari wana baraza lao. Baraza litataka kuona cheti chako, orodha ya masomo uliyosoma, na uthibitisho kutoka kule ulikosajiliwa kwamba kweli ulikuwa muuguzi. Huenda ukatakiwa kufanya kazi hospitalini kwa muda chini ya msimamizi, na kufanya mtihani. Mtihani ni kwa Kiingereza.

Sasa ona taabu ilipo. Ulitoka usiku na watoto wawili na sufuria moja. Cheti kilibaki ukutani. Chuo kimefungwa, au kimechomwa, au waliokiteka ndio wale wale uliowakimbia. Utamwandikia nani barua ya kuomba uthibitisho? Na ukipata cheti, kiko kwa Kifaransa au Kiarabu, lazima kitafsiriwe na mfasiri anayekubalika. Kama uko Kakuma au Dadaab, huwezi tu kupanda basi uende Nairobi kufuatilia, lazima uwe na ruhusa ya kusafiri. Kwa maoni yangu hapa ndipo sheria nzuri inapokwama. Baraza lina haki ya kuwa na masharti makali, maana maisha ya akina mama ni jambo zito. Lakini mtu aliyetoroka vita angepewa njia nyingine ya kuonyesha anachojua: apimwe kwa mtihani na kwa kazi ya mikono, hata kama barua haipo.

Mpaka hapo patengenezwe, fanya unayoweza. Ulizia wenzako mliosoma pamoja, pengine mmoja ana nakala au yuko karibu na chuo. Karatasi yoyote uliyo nayo, hata barua ya zamani ya kuajiriwa au kitambulisho cha hospitali, ipige picha na uitume kwenye barua pepe yako, simu ikiibwa ibaki. Usimpe wakala cheti halisi hata siku moja. Kuandikishwa kama mkimbizi hakulipiwi, kwa hiyo anayekudai pesa ili akuharakishie ni wa kuogopwa.

Na kuna mtego mwingine. Kuna wenye vyumba vya dawa mitaani wanaopenda sana wauguzi wasio na leseni. Wanakuweka nyuma ya pazia, udunge sindano kutwa, wakulipe kidogo, na ukutani imetundikwa leseni ya mtu ambaye haonekani. Siku wakaguzi wakija mwenye duka ana simu imezimwa. Wa kukamatwa ni wewe. Najua kodi ya nyumba haingoji. Hata hivyo nakwambia, mandazi yana usalama zaidi kuliko pazia lile.

Kule kambini wapo wakimbizi wengi wanaofanya kazi hospitalini na mitaani kama wahudumu wa afya ya jamii, wakalimani na wasaidizi, kwa posho. Posho hiyo ni ndogo sana kuliko mshahara wa Mkenya aliyeajiriwa kufanya kazi inayofanana, na sioni haki katika hilo. Lakini inaweka mikono kwenye kazi, na mikono ikikaa miaka mitano bila kazi inasahau. Ukipewa barua ya kuonyesha ulifanya nini na kwa muda gani, itunze na zile nyingine.

Akina mama, kuna jambo la afya hapa ambalo halionekani kwa urahisi. Mtu aliyekuwa anaitwa daktari au mwalimu, leo anaitwa "yule mkimbizi". Anaamka, hana kwa kwenda. Hilo linaumiza kama msiba. Utaona hali vizuri, halali, anakasirikia watoto kwa jambo dogo, au ananyamaza siku nzima. Kwa wanaume mara nyingi chupa ndiyo inayoonekana kwanza. Mama anayenyonyesha akiwa hivyo, mtoto naye huanza kudhoofu, kwa sababu kunyonyesha kunataka mama aliyekula na kutulia. Ukiona hali hiyo imepita wiki mbili, mpeleke kituo cha afya na uwaambie waziwazi kwamba ni mawazo. Akisema anatamani kufa, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo. Wauguzi nao ndio wagumu zaidi kukubali kuwa wagonjwa. Nasema hivyo kwa sababu nawajua.

Wewe jirani unaweza kufanya nini? Usianze na unga, ingawa unga si mbaya. Mkaribishe kwenye chama chenu. Mpeleke umjulishe kwa sista wa kituo chenu na kwa mhudumu wa afya wa nyumba zenu, yule mwenye mkoba. Wahudumu zaidi ya laki moja walipewa mikoba hiyo mwaka wa 2023, kwa hiyo hamkosi mmoja. Lugha mfundishe kwa kuzungumza naye, Kiingereza cha hospitalini kiko kwenye kile kijitabu chako cha kliniki, msome pamoja ukurasa kwa ukurasa. Na kama anaenda darasani kujiandaa kwa mtihani, mshikie mtoto. Asubuhi tatu kwa wiki. Wengi hukwama hapo, si kwenye akili. Mtu hawezi kusoma habari za shinikizo la damu huku mtoto wa mwaka mmoja anavuta kitabu.

Mkiwa na maswali kuhusu mambo haya, muulizeni sista katika kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuharisha kwa watoto wadogo, namna ya kuchanganya maji ya chumvi ya pakiti, na vidonge vya zinki. Tafuteni kikombe na kijiko safi mviweke karibu na redio, tutachanganya pamoja. Kwaherini.