Waya Ulipokwama: Betri ya Moyo na Mshipa Mwembamba

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka.)

Hamjambo wasikilizaji wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule. Hamjambo na ninyi mnaosikiliza kwenye simu mkiwa foleni ya maji. Nazungumza nanyi kutoka Dadamu, hapa karibu na mji wa Arua.

Wiki iliyopita mama mmoja alinisimamisha njiani. Jina lake sitalitaja. Mume wake alizimia mara mbili shambani. Mapigo ya moyo yalikuwa yameshuka sana, akapelekwa hospitali kuwekewa betri ya moyo. Daktari alijaribu, kisha akasema mshipa ni mwembamba, waya haupiti, warudi siku nyingine. Familia ikaelewa kwamba moyo umefungwa. Shangazi akasema ni kazi ya watu. Sasa mzee amekaa nyumbani, hataki kusikia habari ya hospitali. Mama akaniuliza: "Mwanangu, kama mshipa umekataa, tunarudi kufanya nini?"

Siku ile sikuwa na jibu. Mimi nimesoma sekondari tu. Nikaenda kuwauliza wanaojua, na leo naleta majibu.

Betri ya moyo ni kifaa kidogo, unaweza kukifunika kwa kiganja. Huwekwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua. Kutoka hapo waya mmoja au miwili hupita ndani ya mshipa unaorudisha damu, shuleni tuliuita vena, mpaka ndani ya moyo. Kwa kawaida kifua hakipasuliwi. Mahali pa kukata hutiwa ganzi.

Mshipa huo unakuwaje mwembamba? Hapa watu wengi tunachanganya. Mafuta tunayosikia yanaziba mishipa huharibu ateri, mishipa inayotoa damu moyoni. Vena mara nyingi hubanwa na kovu. Mtu akiwa aliwahi kuwekewa mpira mkubwa shingoni au kifuani kwa ajili ya kusafisha damu, figo zikiwa mbaya, kovu linaweza kubaki ndani ya mshipa. Waya wa betri ya zamani pia unaweza kuacha kovu. Nilirudi kwa mama, nikamwuliza. Ndiyo, mzee alisafishwa damu mwaka juzi. Na daktari hakuambiwa, kwa sababu kila mtu alidhani figo na moyo ni mambo mawili tofauti.

Sasa, daktari anaweza kufanya nini? Kwanza huingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, ili aone mshipa umebana wapi na kwa urefu gani. Kisha hujaribu kupitisha uzi wa chuma mwembamba sana, unaopinda kirahisi. Uzi ukipita, juu yake hupelekwa puto dogo lililonywea. Likifika penye kovu hujazwa, linapanua mshipa, halafu hutolewa, na waya wa betri hufuata njia hiyo. Puto likishindwa, kuna upande wa pili wa kifua. Hata huo ukishindwa, daktari wa upasuaji anaweza kushona waya juu ya moyo kwa nje.

Wagonjwa wengine, ambao moyo umechoka na pande zake hazipigi pamoja, huhitaji waya mwingine unaoingia katika vena za moyo wenyewe, upande wa nyuma. Vena hizo ni ndogo na zina kona, na huko pia puto hutumika. Mshipa unaweza kupasuka, sitawaficha. Ndiyo maana kazi hii hufanyika penye wataalamu, kama Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago.

Najua, Mulago iko karibu kilomita 500 kutoka hapa. Anzeni kituo cha afya cha kambini, mwombe barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya rufaa ya Arua, na huko waulizeni kuhusu Kampala. Mwambieni daktari kila mpira na kila waya uliowahi kuingia mwilini, na upande gani. Mzee akizimia tena, msingoje tarehe, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Mtu wa kwanza kuwekewa betri mwilini alikuwa Arne Larsson, huko Stockholm, mwaka 1958. Kifaa chake cha kwanza kilikufa baada ya saa chache. Wakaweka kingine. Hadi anafariki mwaka 2001, akiwa na miaka 86, alikuwa ametumia 26.

Mzee akishawekewa, atapewa kadi ya kifaa. Itunzeni pamoja na karatasi ya familia, maana daktari yeyote atakayemtibu baadaye, hata nchi nyingine, ataiuliza. Na mama, kesho asubuhi nitapita kwenu. Nataka kuongea na shangazi.

(Muziki.)