Mboga na Udongo wa Nyuma ya Gereji
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Ekero)



Kikundi kimoja kilituuliza hivi: kile kipande cha nyuma ya gereji, pale betri kuukuu zilipokuwa zikipasuliwa, kinapatikana bure na maji yako karibu. Je, tupande sukuma wiki na mrenda tuuze sokoni? Jibu letu ni hapana. Tutaeleza kwa nini, maana ubaya wenyewe hauonekani kwa macho.

Mmea hunywa kwa mizizi, na mzizi haujui kuchagua sawasawa. Kuna madini yaitwayo kadimiamu. Yanafanana na zinki, na zinki ni chakula cha mmea, basi hupitia mlango ule ule hadi kwenye majani. Risasi, ile ya ndani ya betri, ni tofauti. Hung'ang'ania udongo, na kidogo inayoingia hubaki sana mizizini. Lakini msifurahi mapema! Vumbi lake hutua juu ya majani, na mvua ikinyesha mboga fupi hurushiwa matope.

Kwa hiyo mboga za majani ndizo za kuogopa kwanza: terere, spinachi, sukuma. Mahindi, maharagwe na nyanya hubeba kidogo zaidi. Karoti hukaa ndani ya udongo wenyewe, hiyo msiijaribu.

Tena udongo wa huku kwetu mwingi una asidi, na mbolea ya DAP huizidisha. Penye asidi, kadimiamu huachiliwa upesi. Chokaa ya shamba na samadi huishikilia, ila haviiondoi. Mama mmoja akasema, si tutachemsha? Hata uchemshe kutwa nzima, madini hayaungui. Kuosha kwa maji mengi huondoa vumbi tu, yaliyo ndani ya jani yanabaki.

Wengine watasema wazee walikula mboga za kando ya njia wasidhurike. Wazee hawakuwa na betri za magari. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Iliyoanguka kando ya barabara ingali pale.

Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa risasi huharibu ubongo unaokua. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza mwaka 2007 kikafungwa 2014, na watoto wakapatikana na risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, ikaamuliwa Desemba 2024. Hesabuni miaka hiyo.

Basi kile kipande kipandwe miti ya nguzo, na watoto wasichezee hapo. Mboga tuzipande katika magunia nyumbani, kwa udongo wa shamba safi na samadi iliyooza. Anayechota udongo asiutoe kule nyuma ya gereji eti kwa sababu ni mweusi.